Springi za Watu Wawili

Réal Coulombe alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya theluji, miguu tu ikionekana, na alikuwa ameamua kwamba polisi hayupo.

"Bwana Réal, nakuuliza kwa upole mara ya mwisho," alisema Sajini Odile Maltais. "Baada ya hapo naivuta hiyo miguu."

"Mtoto wa Maltais," sauti ikatoka chini ya mashine, "baba yako nilimhudumia mpaka siku anakufa, na hata siku moja hakunitishia."

"Baba yangu hakuwa anatafuta mzee wa watu kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Toka."

Réal akatoka, akajifuta mikono polepole kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa fundi pekee wa pikipiki za theluji hapo Saint-Fulbert, jambo lililomfanya awe na kiburi cha askofu. Akamtazama Odile, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama karibu na jiko la kuni, glavu zikiwa bado mkononi, na kiburi kikapungua kidogo.

Mwanamke huyo alikuwa Guylaine Fradette. Baba yake, mzee Adélard, mtu wa miaka themanini na ushee, alikuwa ametoweka asubuhi ile kwenye nyumba ya wazee. Kitanda kilikutwa kitupu, mlango wa nyuma wazi, na alama za pikipiki ya theluji zikianzia ngazini. Vidonge vyake vya moyo vilibaki juu ya kabati. Ghislain, kaka yake Guylaine, hakuwa akipokea simu, na nyumbani kwake pikipiki yake haikuwepo. Hapo hakukuhitajika mpelelezi.

Mpelelezi alihitajika kwa yaliyofuata. Kila mtu alisema Ghislain amempeleka mzee kwenye kambi ya mzee mwenyewe, nyumba ndogo ya mbao kule msituni, kambi ambayo Guylaine alikuwa anaiuza wiki ile ile. Doria ilikwenda moja kwa moja kwa njia ya klabu ya pikipiki za theluji. Nusu saa iliyopita redio ilikuwa imekoroma na kutoa taarifa: kambi imefungwa, theluji ya mlangoni haijakanyagwa hata na sungura, na njiani hawakukutana na mtu. Watu wawili na mashine moja walikuwa wamemezwa na dunia, na jua la Januari lilikuwa limeanza kuinama.

"Atamuua," Guylaine alisema, si mara ya kwanza. "Nilimwambia kambi inauzwa, akaniambia nitaona. Ndiyo haya sasa."

"Dada Guylaine, tulia kidogo," alisema Odile. "Réal, mpishi wa nyumba ya wazee alikuwa dirishani. Aliwaona wakiondoka. Anasema nyuma ya mashine ilikuwa inarukaruka kama mbuzi."

"Mpishi ajue supu yake."

"Mashine iliyobeba watu wawili hairuki, inakaa chini. Nani aliigusa ya Ghislain?"

Réal akajikuna kidevu. "Mambo ya mteja ni kama maungamo kwa padri."

"Basi wewe ni padri mwenye springi ukutani," Odile akajibu, akaonyesha kwa kidole. Kwenye misumari zilining'inia springi za nyuma, jozi kwa jozi, zilizosokotwa, zenye miguu mirefu iliyojitokeza pembeni. Jozi moja ilikuwa bado ina matope ya kahawia yaliyoikaukia. "Zile zimetolewa hivi karibuni. Ni za nani?"

Fundi akakubali yaishe. Ndiyo, Ghislain alikuja wiki iliyopita, alipotoka kazini kule migodini kaskazini, ambako hukaa miezi. Alitaka springi mpya za nyuma. Zile laini alizokuwa nazo zilikuwa za mtu mmoja, na yeye alitaka kubeba abiria.

"Alisema abiria gani?" Guylaine akauliza.

"Alisema baba yake."

"Na wewe ukanyamaza! Wiki nzima!"

"Mama, watu wanabeba baba zao! Ningempigia nani simu, zimamoto?"

Odile akaingia kati yao. Kwa mtu wa nje neno hilo la springi lingekuwa dogo, lakini Odile alikulia juu ya pikipiki ya theluji na alijua kwamba springi haichaguliwi kwa sura. Inachaguliwa kwa uzito wa atakayekaa, akiwa na buti, koti na kila kitu. Ikiwa laini mno, mashine inakaa kitako na kugonga chini kwenye kila shimo. Ikiwa ngumu mno haibonyei kabisa, na kila tuta linapanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo wa mtu.

"Alikupa uzito gani?"

"Yeye ratili mia na sitini na tano. Mzee mia na themanini."

"Mzee ulimpima?"

"Nimpime kwa nini? Ghislain alimuuliza kwa simu, mzee akamjibu. Adélard Fradette amekuwa mia na themanini tangu mimi nikiwa na nywele."

Odile akamgeukia Guylaine. Mwanamke yule alikuwa amevua glavu moja na kuishika kwa nguvu.

"Dada, baba ana uzito gani leo?"

"Walimpima Jumatatu mbele yangu. Mia na kumi na mbili."

Réal ndiye aliyeonekana kuumia zaidi, na Odile akaliona hilo.

"Kuna jingine, Réal. Sema."

"Si jingine, ni utaratibu wangu tu."

"Utaratibu gani?"

"Wanaume wa hapa hupima uzito wao kwa mdomo," akasema fundi, macho yakiwa sakafuni. "Mtu ana tumbo kama pipa, anakwambia mia na tisini. Nikimwamini, baada ya wiki mashine inarudi imepasuka shokomzoba na anasema Réal hajui kazi. Kwa hiyo kila mwanamume namwongezea ishirini na tano bila kumwambia. Nimefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyewahi kulalamika."

"Ukamwongezea na mzee."

"Nikamwongezea na mzee."

Odile hakumkaripia. Aliuliza kama kuna mashine nyingine hapo yenye springi kama zile mpya za Ghislain. Ilikuwepo, ya mke na mume mmoja wa Saint-Fulbert waliojaliwa nyama. Akapanda mbele, akamwambia Guylaine apande nyuma, akamwomba Réal atazame bampa ya nyuma. Wanawake wawili wenye makoti mazito, uzito wao ukizidi kidogo wa Ghislain na baba yake.

"Imeshuka?"

"Nusu kidole," akasema Réal.

"Ilipaswa kushuka kiasi gani?"

"Kiganja kizima."

Odile akateremka. "Njia ya klabu ikoje leo?"

"Mbaya. Mtambo wa kusawazisha njia haujatoka tangu Jumamosi, Fernand, dereva wake, anaumwa mafua. Na wikiendi nzima wageni wamepita. Ni matuta mtindo mmoja, kama ubao wa kufulia."

Odile alikuwa ameshaanza kufunga kofia yake ngumu. Sasa picha ilimjia, na haikumpendeza. Mtu anayetaka kumdhuru mzee haagizi springi wiki nzima kabla ili mzee asitikiswe. Ghislain alikuwa amepanga safari laini, akaishia kumkalisha baba yake juu ya jiwe. Kwenye njia ile, kabla ya kufika mbali, mzee angekuwa analia kwa maumivu. Ghislain angefanya nini? Kurudi, angekutana na polisi. Kusonga mbele, angemvunja baba mgongo. Mtu wa namna hiyo hutafuta mahali pasipo na tuta.

"Ziwani," alisema Odile.

Guylaine akaweka mkono mdomoni. Njia ya zamani ya kwenda kambini ilipita juu ya Ziwa Brochet, tambarare kama meza. Watu waliiacha kwa sababu kwenye mlango wa mto maji hula barafu kutoka chini, na kwa juu huwezi kujua.

"Nakuja nawe," alisema Guylaine. "Vidonge ninavyo."

"Si utaratibu."

"Na kuongeza uzito wa watu kimyakimya ni utaratibu? Nakuja."

Odile hakuwa na muda wa kubishana. Akapiga redio kuita wauguzi wa dharura waelekee gati la ziwani na sleji ya uokoaji, ile ya kukokotea mgonjwa juu ya theluji, na wakaondoka.

Kwenye njia ya klabu hakuwa na haja ya kutafuta sana. Alama nyingi za mashine za doria zilikuwa zimefuta kila kitu katikati, lakini pembeni, palipoanza nguzo za umeme, mashine moja ilikuwa imetoka kando na kusimama. Odile akazima injini. Theluji ilikuwa imekanyagwa. Kulikuwa na mashimo mawili ya magoti karibu na ilipokuwa mashine, kisha mengine mawili upande wa pili. Kati yake palikuwa na spana ya ndoano, ile ya kuzungushia ncha ya springi ili kuilegeza. Aliiokota. Kwenye chuma palikuwa pameganda kipande cha ngozi ya kidole.

"Hiyo ni nini?" Guylaine akauliza.

"Alijaribu kuzilegeza. Mikono mitupu, kwenye baridi hii."

"Zililegea?"

"Zinalegea kidogo tu. Springi ngumu ukiilegeza inabaki springi ngumu."

Kutoka hapo alama ziliteremka kushoto kuelekea ziwani. Odile aliinama kuzitazama. Kwenye mteremko wenye mashimo mkanda wa nyuma, ule unaosukuma mashine, ulikuwa umegusa na kuacha, ukagusa na kuacha, na kila ulipoanza tena kugusa theluji ilikuwa imechimbika. Ghislain alikuwa ameendesha polepole mno, polepole kuliko mtu anayetembea. Bado mashine ilikuwa imeruka.

Guylaine alikuwa anatazama vile vipande vya alama. "Ana mifupa ya kioo, Sajini," akasema. "Daktari alisema asikae hata kwenye gari lisilo na mto."

"Ghislain alijua?"

"Nilimwambia. Lakini kumwambia Ghislain ni kumpigia mbuzi gitaa. Anarudi mara mbili kwa mwaka, anakaa saa moja, baba anamdanganya kwamba anakula vizuri, anaondoka ameridhika. Wakimaliza kudanganyana mimi ndiye ninayebaki na bakuli lililojaa."

Ziwani upepo ulikuwa umefagia theluji, na alama zilinyooka, safi, bila kukatika. Kwa mara ya kwanza Odile alipumua vizuri. Aliongeza mwendo. Jua lilikuwa limeshagusa miti ya ng'ambo, na kivuli cha msitu kilikuwa kinatambaa juu ya barafu kuwajia. Alama zilikwenda moja kwa moja, wala hazikuyumba, na zilikuwa zinaelekea mlango wa mto.

Hofu ikamrudia yote. Mbele barafu ilibadilika rangi, kutoka nyeupe kuwa kijivu, na juu yake kulikuwa na mvuke mwembamba. Odile akasimamisha mashine mbali.

"Shuka. Usitembee. Kaa hapo hapo."

"Unaona nini?"

"Kaa, Guylaine!"

Akasonga mbele kwa miguu, akigonga barafu kwa nondo aliyoitoa kwenye sanduku la mashine, akisikiliza. Tok, tok. Kisha mlio ukawa mzito. Alama za Ghislain ziliendelea mbele yake mpaka karibu kabisa na kile kijivu. Hapo zikakatika. Odile alisimama, akatafuta shimo, akatafuta glavu, kofia, kitu chochote kinachoelea. Hakuona kitu. Akalala kifudifudi, akajisogeza ili aone vizuri, na hapo ndipo alipoona kwamba alama hazikukatika. Maji yaliyopanda juu ya barafu yalikuwa yamezifunika kidogo. Zilikuwa zimepinda, kona kali kuelekea kushoto, na mahali pa kona skii za mbele, zile mashine inazotelezea, zilikuwa zimechora mifereji miwili ya mtu aliyepiga breki kwa roho yake yote.

Kushoto palikuwa na ghuba ya vibanda vya kuvulia samaki. Siku ya kazi havikuwa na watu. Kimoja kilikuwa kinatoa moshi.

Odile akarudi kumchukua Guylaine, wakazunguka mbali na kile kijivu mpaka hapo. Mlango haukufungwa kwa ndani. Ghislain Fradette alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, amevaa sweta tu. Koti lake, blanketi na turubali la mashine vilikuwa vimemzunguka baba yake, ambaye alikuwa amempakata. Vidole viwili vya Ghislain vilikuwa vimechunika. Alipomwona Odile hakujaribu kusimama.

"Simu imekufa kwa baridi," akasema. "Nilitaka kumwacha nikatafute msaada, lakini nikimwacha moto unazimika. Sikujua nifanye nini."

Guylaine akampita bila kumtazama, akapiga magoti, akamtia mzee kidonge chini ya ulimi. Mzee Adélard alikuwa hai. Midomo ilikuwa ya buluu na mkono mmoja ulishika kifua, lakini macho yalikuwa macho yake yale yale, na kofia ya sufu ilikuwa imekaa upande kama ya kijana.

Odile akatoa taarifa kwa redio, kisha akachuchumaa mbele ya Ghislain. Kazi ilikuwa haijaisha. Kulikuwa na kosa la kumchukua mgonjwa, na lilikuwa na jina lake katika sheria. Kilichobaki ni kujua la uzito gani.

"Ulimtoaje?"

"Mlango wa nyuma. Nilimbeba."

"Alikubali?"

"Mimi ndiye niliyemwomba," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kuiona kambi. Huyu binti anaiuza."

"Baba, usiongee," akasema Guylaine.

Odile hakuondoa macho kwa Ghislain. "Ulimletea karatasi yoyote atie saini, ya kuzuia kambi isiuzwe?"

"Karatasi gani? Sina hata kalamu. Nikagueni."

Alimkagua. Mfukoni mwa koti palikuwa na kipande cha pai ya nyama kilichofungwa kwenye karatasi ya jikoni, na betri ya tochi. Basi.

"Ulijua lini kwamba springi hazifai?"

"Kitandani. Nilipomwinua. Sikuwa nimetoka hata chumbani."

"Na bado ukaenda."

"Alikuwa ameshavaa kofia," akasema Ghislain, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele. "Alikuwa amekaa kitandani ananisubiri, kofia kichwani. Sasa ningemwambia nini?"

Odile alikuwa na swali moja bado, lakini mlio wa injini ukasikika nje. Muuguzi wa dharura akaingia na mkoba wake. Aliitwa Mireille, mwanamke mfupi wa vitendo. Akamfunga mzee waya kifuani, akatazama kimashine chake, akaongea na daktari kwa redio, akatoa kichupa na sindano.

"Ni moyo," akasema. "Hii lazima aipate hapa hapa kabla hatujamtikisa. Lakini kipimo chake kinafuata uzito. Nikizidisha atavuja damu ndani. Ana uzito gani?"

"Mia na themanini," akajibu mzee Adélard, haraka, kama mtu anayetaja jina lake.

Guylaine akafungua mdomo. Odile akamshika mkono wa koti na kumzuia. Ilikuwa pumzi moja tu, naye alikuwa anamtazama Ghislain. Swali lake la mwisho lilikuwa kama mwana huyu angeuacha uongo ule upite, na hakuhitaji kuliuliza.

Mireille alikuwa ameanza kuvuta dawa.

"Hapana," akasema Ghislain. "Si kweli. Ni mia na kumi. Labda na mbili, tatu."

Mzee akageuza kichwa taratibu akamtazama mwanawe. Maishani mwake hakuna mtoto aliyewahi kumkanusha mbele ya watu.

"Nani kakwambia?"

"Nimekubeba, baba."

Mireille akamtazama Guylaine, Guylaine akatikisa kichwa kukubali, na muuguzi akarudisha dawa ndani ya kichupa na kupima upya.